Mtoto yuko kidato cha pili? Habari za chuo zimeshaanza

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi. Leo narekodi ndani ya gari, nje ya kazini hapa Minneapolis, hita inanguruma kwa sababu nikiizima mtaniona meno yanagongana. Nina nusu saa kabla ya zamu. Naongea na wazazi wa Moshi na Arusha wenye mtoto kidato cha pili au cha tatu.

Binti wa dada yangu yuko Soweto, Moshi pale. Tangu yuko msingi wimbo wake ni mmoja, udaktari. Juzi kanipigia video: "Mjomba, nikiingia kidato cha tatu naacha fizikia." Nikamuuliza, na udaktari je? Akasema atasoma baiolojia.

Hapo ndipo watoto wengi wanapopotelea, na nyumbani hakuna anayejua. Shule nyingi kidato cha tatu ndipo mwanafunzi anaamua kubaki na fizikia na kemia au kuzitema. Anayeamua ana miaka kumi na tano, na sababu yake mara nyingi ni mwalimu mkali, au rafiki yake wa dawati moja anahamia sanaa. Sasa shahada ya udaktari, pale KCMC, hospitali yenye chuo hapo Moshi, na kwingineko nchini, inataka ufaulu wa kidato cha sita kwenye fizikia, kemia na baiolojia, yote matatu. Hiyo kombi inaitwa PCB. Ukija na CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia, mlango huo haufunguki. Hata diploma ya utabibu, fizikia ya kidato cha nne wanaiulizia. Kwa hiyo mtoto anasema "naacha fizikia" kama anayeacha kula maharage, kumbe ameshaamua habari za chuo miaka minne kabla.

Sikumgombeza. Nilimwambia alete karatasi ya mtihani aisogeze kwenye kamera. Swali la momenti: kanuni kaiandika sawasawa, nguvu mara umbali. Umbali ulikuwa sentimita 40. Kazidisha na 40 hivyo hivyo, hakugeuza kuwa mita 0.4, jibu likatoka kubwa mara mia. Swali la chini yake, sehemu kapindua, namba ya juu kaweka chini. Fizikia yenyewe anaielewa. Kinachomwangusha ni hisabati ya darasa la sita na la saba, desimali na sehemu, ambayo hakuna aliyerudi kuifundisha. Na hayuko peke yake: miaka ya karibuni wanaofaulu hisabati kidato cha nne nchi nzima ni kama robo ya watahiniwa.

Kwa hiyo dada yangu nimemwambia, hela ya twisheni usiitawanye. Twisheni ya masomo saba kila jioni ni kumchosha mtoto na kumtajirisha mtu. Tafuta mwalimu mmoja wa hisabati mwenye uvumilivu, amrudishe nyuma bila kumcheka. Likizo ya Desemba inatosha kuanzia.

Na Desemba yenyewe mnaijua. Wachaga wote tunapanda nyumbani, barabara imejaa, migombani kuna mbuzi, mbege na kikao cha ukoo. Kwenye kikao hicho tunagawana michango ya harusi na ya kaburi la babu. Ongezeni ajenda moja: watoto wanaoingia kidato cha tatu Januari wanachukua masomo gani, na kwa nini. Mnao mle mle ndani nesi, fundi umeme, mhasibu, mwalimu mstaafu. Mtoto akae nao, awaulize walisoma nini. Wazee wasimwamulie tu, maana kuna wazee kwao kazi ni mbili, daktari na injinia.

Tena vyuo viko mlangoni kwenu. Aliyeko Moshi ana chuo cha ushirika, MoCU, na ana Mweka, wanakofundisha uhifadhi wa wanyamapori tangu 1963. Aliyeko Arusha ana Chuo cha Ufundi na ana Chuo cha Uhasibu kule Njiro. Nauli ya daladala tu. Mpeleke siku ya kazi, aone wanafunzi wakitoka maabara, aulize wanaingiaje. Na njia ya diploma msiibeze. Kijana anaweza kutoka kidato cha nne akaingia Chuo cha Ufundi, akimaliza diploma na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 au zaidi anaomba shahada bila kupita kidato cha sita. Halafu mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu, uko kwenye tovuti yao, bure, kila shahada na masharti yake. Usomeni sasa, siyo wakati matokeo ya kidato cha sita yametoka na kila mtu anakimbilia intaneti kafe.

Kombi nazo, yale masomo matatu ya kidato cha tano na sita, zimeongezeka. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65, yaani kombi hizo hizo, kwa hiyo mjomba aliyesoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati) miaka hiyo asijifanye anazijua zote. Mwulizeni mwalimu wa taaluma ni zipi zipo na zinakwenda wapi.

Huku mwanangu yuko darasa la kumi. Alama zake tangu la tisa zinaingia kwenye karatasi moja itakayotumwa vyuoni, na Oktoba wanakaa PSAT, mtihani wa kujipima kabla ya SAT, ule wa kuombea chuo. Kwetu kidato cha tatu hakina mtihani wa taifa, basi nyumba nzima inalala. Na wale mnaoniandikia mnataka mtoto aje chuo Marekani, jueni hilo: vyuo vya huku vinaomba ripoti za sekondari za miaka yote. Tunzeni ripoti. Kuna EducationUSA, ubalozi wa Marekani Dar, ushauri wao ni bure. Msimlipe mtu anayejiita wakala kabla ya kuwauliza hao.

La mwisho ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Elibariki, shuleni anaitwa Baraka, ubatizo una jina la tatu. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa, na majina yalingane na ya NECTA, baraza la mitihani. Kabla hajasajiliwa mtihani wa kidato cha nne, kaeni na cheti mkononi mlinganishe herufi kwa herufi. Kama hana cheti, anzeni wiki hii.

Binti yetu kakubali kubaki na fizikia mpaka Juni, halafu tuongee tena. Haya, zamu inaniita, naona msimamizi ananipungia mkono dirishani.