Mitala ya Utah si kama ya kwetu (kaka wa Singida, sikiliza mpaka mwisho)

Hodi hodi wapenzi wangu! Mnanisikia? Ngoja nisogeze simu, jua linanipiga usoni. Haya. Ni dada yenu wa Tanga, nipo kusini mwa Utah, na leo narekodi ndani ya gari kwa sababu wenzangu niliopanga nao wametoka zamu ya usiku, wamelala.

Video iliyopita niliwasimulia kuhusu yule mama wa jamii ya mitala niliyepanga naye foleni dukani, kwenye mji unaoitwa Hurricane. Kwa ambao hamkuiona: gauni refu la rangi ya waridi iliyopauka, mikono mpaka kwenye viganja, shingo imefungwa, nywele kwa mbele zimeinuliwa kama wimbi na nyuma kasuka msuko mmoja. Chini kavaa raba. Toroli limejaa unga, na si vile vifuko vya kilo mbili, ni mifuko ya kubeba begani, na mayai trei juu ya trei. Mtoto wake wa kike akawa anaziangalia rasta zangu mpaka shingo ikapinda. Nikamsalimia mama, akatabasamu, akamgeuza mtoto taratibu aangalie upande mwingine.

Jamani, maoni mliyoniandikia! Kaka mmoja wa Singida kasema, "Dada, nifanyie mpango wa viza, huko ndiko kwetu, wake watano bila kelele." Watu wakamshangilia kweli. Kaka yangu, umenichekesha, lakini kaa chini kwanza nikueleze.

Jambo la kwanza nalisema haraka. Wale vijana wa mashati meupe na vibeji kifuani, mnaowaona Dar, Nairobi, Kinshasa, wawili wawili, si hawa wa mitala. Wale ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile kubwa, ambalo Mei 2025 lilizindua hekalu lake Nairobi. Hao mitala waliiacha. Ukiwa na wake wawili hawakubatizi, hata kama sheria ya nchi yako inakuruhusu. Na muumini wao akioa wa pili hapa Utah, anatengwa. Kwa hiyo msiwapigie kelele barabarani kuwauliza wana wake wangapi. Wengine hata hawajamaliza miaka 20, maskini.

Ila mitala hii ya huku ilianzia kwao, hilo halifichiki. Nabii wao Joseph Smith aliandikisha ufunuo wa mwaka 1843, na mpaka leo umo kwenye kitabu chao cha Mafundisho na Maagano, sehemu ya 132. Yeye aliuawa na kundi la watu wenye silaha gerezani Illinois mwaka 1844. Brigham Young akawaleta watu huku jangwani mwaka 1847, na mwaka 1852 wakatangaza mitala hadharani. Serikali ya Marekani ikawakalia kooni. Sheria juu ya sheria, wanaume wakafungwa, mali za kanisa zikataifishwa, mpaka mwaka 1890 rais wa kanisa, Wilford Woodruff, akatoa Tamko la kuacha. Mwaka 1904 likatoka la pili, kali zaidi.

Sasa hapo ndipo patamu. Kuna waliosema: Mungu akishaamuru, bunge la Washington ni nani? Nao wana kisa chao, na bila hicho kisa huwezi kuwaelewa.

Mwaka 1886 rais wa kanisa alikuwa John Taylor, na alikuwa mafichoni, maafisa wa serikali wanamtafuta. Huyu Taylor alikuwemo ndani ya kile chumba cha gereza siku Joseph Smith anauawa. Alipigwa risasi kadhaa, akapona. Basi wanasimulia kwamba usiku mmoja wa Septemba, akiwa amejificha nyumbani kwa familia ya Woolley kule Centerville, alikesha akizungumza na wageni wawili: Bwana Yesu, na huyo huyo Joseph Smith, aliyekufa miaka 42 nyuma. Asubuhi akatoka amebadilika sura, akakusanya watu, akawawekea mikono wanaume watano: kanisa likija kuacha mitala, ninyi msiache, kusipite mwaka bila mtoto kuzaliwa ndani ya ndoa hizi. Aliyekuja kukieleza kisa hiki kirefu ni Lorin Woolley, miaka ya 1920, wakati wengi wa waliokuwepo wameshakufa. Kanisa kubwa halikukubali. Wao wakasema ufunguo tunao sisi.

Ufunguo. Shikeni neno hilo. Kwao ndoa inafungwa na mtu mmoja duniani mwenye mamlaka ya kuunganisha watu milele, hata baada ya kufa. Ukikosea ufunguo, au ukiwa umeshikwa na mtu asiye halali, basi ndoa zako zote ni bure na watoto wako hawana daraja mbinguni. Ndiyo maana wanagombana na kugawanyika namna hii. Idadi ya wake haijawahi kuwagombanisha. Wanachogombania ni nani kaushika.

Mfano: kiongozi mmoja wa hawa waliogoma kuacha mitala, Joseph Musser, alipata kiharusi, na miaka ya mwanzo ya 1950 akamteua Rulon Allred, aliyekuwa anamtibu kwa tiba asilia. Wazee wa kijiji chao cha Short Creek wakagoma: tangu lini mganga wa mzee akawa mrithi? Ungefikiri ni msikiti wa mtaani kwetu wanagombania uimamu! Wakaachana. Wa Allred ndio leo wanaitwa AUB, kifupi cha Apostolic United Brethren, wapo Bluffdale karibu na Salt Lake City, wanavaa jinzi, huwatambui. Yule Kody Brown wa kwenye televisheni na wake zake wanne alitokea huko. Watatu wameshaondoka, kwa wanaofuatilia.

Wa Short Creek wakabaki chini ya milima myekundu, kwenye kijiji kilichokaa juu ya mpaka, upande mmoja Utah, upande mwingine Arizona. Leo ni miji miwili, Hildale na Colorado City. Julai 26, 1953, polisi wa Arizona waliwavamia alfajiri, wakawakuta wamekusanyika uwanja wa shule wanaimba nyimbo za dini chini ya bendera. Watoto 263 walichukuliwa. Picha za watoto wanaotenganishwa na mama zao zikawaudhi Wamarekani, na gavana aliyetoa amri akashindwa uchaguzi uliofuata. Baada ya hapo serikali ikaogopa kuwagusa kwa miaka mingi, na nyie mnajua nyumba isiyochunguliwa hulea nini.

Miaka ya 1980 wakagawanyika tena. Wengine wanataka baraza la wazee liongoze, wengine wanataka mtu mmoja tu. Wa baraza wakahamia jirani, wakaanzisha Centennial Park mwaka 1986, jina la kuadhimisha miaka mia ya ule usiku wa John Taylor. Yaani ni mwendo mfupi kabisa, ndugu wa damu, na kuna waliokaa miaka bila kusalimiana. Wa mtu mmoja ndio FLDS, kifupi cha Kiingereza cha Kanisa la Kifundamentalisti la Watakatifu wa Siku za Mwisho.

Wapo na wengine. Ukoo wa LeBaron kule Mexico, huko ndugu alimuua ndugu: Ervil aliamuru kaka yake Joel auawe mwaka 1972, na mwaka 1977 akatuma watu wakamuua huyo Rulon Allred kwenye kliniki yake. Ufunguo huo huo. Kuna ukoo wa Kingston, wafanyabiashara wakubwa Salt Lake, wanaoana wao kwa wao mpaka unashika kichwa. Mwaka 1999 mmoja wao alifungwa kwa sababu ya binti wa miaka 16, mtoto wa ndugu yake, aliyeozeshwa kwake awe mke wa 15. Naishia hapo, maana naona nywele zinanisimama.

Turudi kwa kaka yangu wa Singida. Mimi ni mtoto wa bi mdogo. Baba yangu alikuwa na wake wawili, siku mbili kwa mama mkubwa, siku mbili kwetu, na ikitokea baba kaleta samaki mkubwa upande mmoja, upande wa pili utajua kabla jua halijazama. Ukewenza naujua kwa ndani, sikuusoma. Lakini kwetu Waislamu mke wa pili ni ruhusa. Unaweza kufa na mmoja na pepo ukaiona. Kwa hawa ni sharti. Bila mitala hufiki mbingu ya juu kabisa, na kwenye FLDS watu wamelelewa wakiamini angalau watatu. Sasa piga hesabu ya darasa la kwanza: watoto wa kiume na wa kike wanazaliwa karibu sawa. Kila mwanaume akitakiwa awe na watatu, vijana wanaobaki wanakwenda wapi? Wanafukuzwa. Mvulana wa miaka 15, 16, kosa lake kasikiliza muziki, kaongea na msichana, anashushwa pembeni ya barabara kuu na begi lake. Huku wana jina lao kabisa, wavulana waliopotea. Ni mamia.

Halafu ulifikiri utachagua? Hapana. Nabii ndiye anayepokea ufunuo nani aende kwa nani. Unaweza kuitwa Jumatatu ukaambiwa unaoa leo. Na mke unapewa kama unavyopewa amana, anaweza kuchukuliwa. Nyumba nayo si yako, ardhi yote ilikuwa ya mfuko wa jumuiya. Mzee Rulon Jeffs, nabii wa FLDS, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 92 na wajane makumi, na mwanawe Warren akaoa wengi wao. Kurithi wajane kwetu tunakujua, lakini mama zako wa kambo, jamani? Januari 2004 Warren akasimama mbele ya waumini akafukuza wanaume 21 kwa mpigo, akiwemo meya. Wake na watoto wao wakagawiwa wengine.

Alikamatwa mwaka 2006, na mwaka 2011 mahakama ya Texas ikamhukumu kifungo cha maisha na miaka 20 juu yake, kwa kuwanajisi wasichana wawili, mmoja wa miaka 12. Lakini wapo wanaomfuata mpaka leo akiwa gerezani. Na penye kiti kitupu hakukosi mkaaji: Samuel Bateman wa Colorado City akajitangaza yeye ndiye mrithi, akakusanya wake zaidi ya 20, kumi hawajatimiza miaka 18. Desemba 2024 kapewa miaka 50.

Lakini msinielewe kwamba wote ni hao. Wapo watu wazima walioamua kwa akili zao, na tangu 2020 Utah imeshusha kosa la mitala kwa watu wazima waliokubaliana, likawa kosa dogo, faini, kama kuegesha gari vibaya. Kulazimisha na kuoa watoto bado ni jela. Mimi naona walifanya vizuri, maana mwanamke anayeogopa kwamba akienda polisi mumewe na yeye watafungwa, haendi.

Na jambo la mwisho kwako, kaka yangu mpenzi. Kanisa kubwa lilikuwa haliwapi watu weusi ukuhani mpaka mwaka 1978. Lilipobadilisha, hawa wa mitala, FLDS na hata wale wa jinzi wa AUB, walisema hapo ndipo kanisa limepotea kabisa. Walibaki na yale ya zamani, kwamba ngozi yetu ni alama ya laana. Kwa hiyo viza hata ukipata, mke hupati. Nikikumbuka yule mama alivyomgeuza mwanawe, nakaa nafikiri.

Kazini kwangu, kwenye usafi wa hoteli, tunafanya vyumba wawili wawili, na mwenzangu ni mama aliyetoka Short Creek. Jina nalihifadhi. Mume wake alifukuzwa, na kabla wiki haijaisha yeye na watoto walihamishiwa kwa mwanaume mwingine, na watoto wakapewa jina la ukoo wa huyo baba mpya. Siku moja tunatandika kitanda akanionyesha kwenye simu picha ya daftari la shule la binti yake. Jina la ukoo limekatwa mstari, juu yake la pili. Mtoto ameandika la pili kwa herufi ndogo sana, kama vile nafasi hakuna, wakati ukurasa mzima uko mtupu.

Nikamsimulia na mimi habari za baba yangu, bi mkubwa, bi mdogo, siku mbili mbili. Alisikiliza vizuri tu. Halafu akaniuliza, "Na baba yako angekosea, ninyi mngepewa nani?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye alikuwa ameshika ncha yake ya shuka, ananisubiri nijibu.

Haya jamani, simu imebaki asilimia nne na zamu yangu inaanza saa tisa. Nipeni salamu Tanga, na mama, kama unaangalia, nitakupigia usiku wa leo.