Chura Aliyeelea Hewani

Mabibi na mabwana, niwaombe kwanza mumfikirie chura. Mzima kabisa, mdogo, ametumbukizwa kwenye tundu la wima katikati ya sumaku kubwa, tundu lenye upana wa sentimita tatu na ushei. Hakufungwa kamba wala hakushikiliwa. Anaelea, miguu ikitapatapa kutafuta pa kukanyaga. Hayo yalifanyika Nijmegen, Uholanzi, mwaka 1997, na mmoja wa waliomweleasha ni mwanafizikia Andre Geim, ambaye baadaye alipata Nobeli kwa kazi nyingine kabisa. Uga wa sumaku, yaani nguvu yake inayoenea kuizunguka, ulifikia tesla 16 hivi; tesla ndiyo kipimo cha nguvu hiyo. Ule wa dunia, unaogeuza sindano ya dira, haufiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya tesla.

Nini kilimwinua? Wengi hukimbilia kusema ni chuma cha damu. Hapana. Chuma cha damu kimetawanyika atomi mojamoja ndani ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, hakina tabia ya msumari. Kilichomwinua ni maji. Maji hukataliwa na sumaku, tena kwa unyonge mno, hata hatuoni. Lakini uga ukiwa mkali na ukipungua kwa ghafla kuelekea juu, kila tone mwilini husukumwa, na uzito unafutika. Chura alishushwa akiwa mzima.

Sasa binadamu. Ukiingizwa kwenye mashine ya MRI ya tesla 7, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, waweza kulala tuli na bado ukaapa kwamba unazungushwa. Hilo si woga. Majimaji ya sikio la ndani yana chumvi, na ndani yake mna mkondo mdogo wa umeme. Uga unausukuma mkondo, majimaji yanasukumika nao, na ubongo unasoma: kichwa kinazunguka. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliwatazama macho watu waliolala gizani ndani ya mashine hiyo, wakayaona yakicheza yenyewe. Kwa wale ambao masikio yao ya ndani yote mawili yalikufa, macho yalitulia.

Mimi binafsi uga wenyewe haunitishi. Kinachonitisha ni mtungi wa oksijeni wa chuma ulioachwa karibu na mlango wa chumba cha MRI, maana huo huruka. Na msidhani umeme ukikatika mmepona: koili za sumaku hiyo, yaani nyaya zilizoviringwa ndani yake, zimepozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi haziuzuii umeme hata kidogo, kwa hiyo mkondo huzunguka humo bila kupungua, na jengo zima likiwa gizani sumaku bado inavuta.