Kabla Hujampeleka Mtoto Boulder, Nionyeshe Barua

Asanteni. Wa nyuma sogeeni, viti viko huku mbele, na vijana msikae mbali na wazazi wenu maana leo naongea na nyote kwa pamoja.

Mwenyekiti kanipa nusu saa niongelee vyuo vya nje ya jimbo letu la Texas. Wengi wenu mmeshanisikia nikilia na hili jambo, basi nitalia tena. Kila ikifika Machi napigiwa simu, "Mwalimu, mtoto kachaguliwa Chuo Kikuu cha Colorado, kule Boulder!" Nafurahi kweli, natoa hongera, halafu nauliza, barua ya fedha inasemaje? Hapo naanza kusikia habari za milima. Picha za ile miamba ya Flatirons zimeshazunguka kwenye magrupu yote ya ukoo, jezi imeshanunuliwa, ila barua ya fedha hakuna aliyeisoma mpaka chini.

Sasa tuisome. Kuna mama mmoja wa hapahapa Dallas aliniletea barua ya chuo cha serikali cha jimbo jingine huko milimani, sitakitaja. Juu imeandikwa gharama ya mwaka, dola 62,000. Chini yake kuna kichwa kwa herufi nene, msaada wako wa masomo, halafu mistari mitatu. Wa kwanza skolashipu, 12,000. Wa pili mkopo wa serikali kwa mwanafunzi, 5,500. Wa tatu Parent PLUS, yaani mkopo wa serikali kwa mzazi, 44,500. Halafu mwisho kabisa, kiasi kilichobaki kulipwa: 0. Mama wa watu kaiona ile sifuri kamshukuru Mungu, kapiga simu Bukoba, kapiga simu Mwanza, mtoto anasoma bure! Jamani. Ule mstari wa tatu ni deni la mama mwenyewe, kwa jina lake na kwa namba yake ya soshali, riba karibu asilimia 9. Zidisha mara miaka minne unapata 178,000. Riba peke yake kwenye deni kama hilo ni kama dola 16,000 kwa mwaka, yaani anakesha na wagonjwa kwenye nyumba ya wazee, analipa 16,000, na deni lenyewe hajalipunguza hata senti. Nilipomwonyesha alikaa na ile karatasi muda mrefu, akaniuliza, "Sasa kwa nini waliandika sifuri?" Na mimi hilo swali linaniuma mpaka leo, maana barua ilikuwa halali kabisa, hakuna uongo hata mstari mmoja.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na kama mtasahau mengine yote hili mlishike. Chukua kalamu, kata kila mstari wenye mkopo, mkopo wa mtoto kata, mkopo wa mzazi kata, kazi za chuoni nazo weka pembeni maana hizo mtoto atazitolea jasho kwanza. Bakiza hela ambayo hutairudisha. Toa hiyo kwenye gharama, kinachobaki zidisha mara nne, andika namba kubwa kwenye karatasi, bandika kwenye friji. Ndipo tuzungumze milima.

Najua kuna mzee pale anasema, tutakopa tu, kila mtu Marekani anakopa. Mzee wangu, kukopa nako kumebadilika. Mtoto anayetegemea wazazi anapewa na serikali kuu 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 kuanzia wa tatu, na jumla haivuki 31,000. Parent PLUS ndiyo ilikuwa inaziba pengo lote, ila sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeiwekea kikomo kuanzia Julai 2026: dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 jumla kwa kila mtoto. Sasa Boulder kwa mtu wa nje ya jimbo ada peke yake inapita 40,000, weka bweni na chakula na vitabu umevuka 60,000 kwa mwaka. Pengo hilo atalijaza nani? Benki binafsi, na benki itataka saini yako wewe, au ya mjomba wa Houston ambaye hata hajui ameitiwa nini.

Na mwingine ataniambia, si atahamia? Achukue leseni ya Colorado, mwaka wa pili alipe kama mwenyeji, ambaye ada yake ni ndogo. Hii naisikia kila mwaka na kila mwaka najibu vilevile, haiko hivyo! Colorado inataka miezi 12 ya makazi ya kweli, na mtoto aliye chini ya miaka 23 kwa kawaida anahesabiwa yuko pale walipo wazazi wake. Kuwepo pale kwa ajili ya kusoma hakumfanyi mwenyeji. Wewe uko Garland, yeye ni wa Texas, basi. Utah wao wanalegeza zaidi, mwanafunzi akikaa mwaka mzima anaweza kuomba ukazi, na masharti yake myasome vizuri maana likizo za kurudi nyumbani nazo zinahesabiwa. Kuhusu yule binamu wa Nevada aliyepunguziwa Colorado, huo ni mpango wa majimbo ya magharibi, analipa mara moja na nusu ya ada ya mwenyeji. Texas haimo kwenye huo mpango, na hata ingekuwemo, Boulder yenyewe haishiriki.

Mnajua kwa nini wanawapenda sana watoto wa nje? Colorado bajeti ya jimbo imefungwa na kipengele cha katiba cha mwaka 1992 kinachobana kodi, na vyuo vyake vinapata kidogo sana kutoka jimboni ukilinganisha na majimbo mengi. Mwenyeji analipa karibu theluthi moja ya anacholipa mtoto wako. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo hiyo.

Halafu nyumba. Mwaka wa kwanza anatakiwa akae bwenini, wa pili anaingia mtaani kutafuta chumba, na mtaani Boulder bei ni moto. Wenyewe waliamua hivyo, 1959 walipiga kura maji ya mji yasipandishwe juu mlimani ili watu wasijenge huko, 1967 wakajitoza kodi ya kununua mashamba ya pembeni yabaki wazi, 1971 wakazuia majengo kuzidi futi 55. Mji umebaki mzuri ajabu, siwalaumu, ila ukizuia nyumba pande zote hizo kodi ya pango inapanda na anayelipa ni mwanafunzi. Chuo kinakuahidi ada haitapanda miaka minne, hilo ni jambo zuri kabisa, lakini mwenye nyumba hajakuahidi kitu.

Wanaoogopa mwinuko tulieni, Nairobi iko juu kuliko Boulder, na wakimbiaji wetu wanaenda Boulder kufanya mazoezi.

Upweke nilitaka niuongelee kwa kirefu, muda unaniishia. Weusi ni wachache mno pale, msuko na unga wa ugali atavifuata Denver au Aurora, basi la kwenda huko lipo. Muulizeni mtoto mwenyewe, msimjibie.

Sasa sisemi hakuna anayefaa kwenda. Mtoto anayetaka mambo ya anga za juu, kweli kabisa, maabara ya chuo kile imepeleka vifaa kwenye sayari zote nane na Pluto juu yake, na mji una Nobel za fizikia za 2001 zilizofanyiwa kazi palepale. Huyo akipata skolashipu nono namsindikiza mwenyewe. Lakini Arlington hapo dakika chache wanafundisha uhandisi wa ndege na anga, na kuanzia vuli ya 2025 vyuo vya mfumo wa UT, yaani Chuo Kikuu cha Texas, na Arlington ni kimojawapo, vinafuta ada kwa familia yenye kipato kisichozidi 100,000, mkazi wa Texas, mtoto anasoma muda wote na fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, imejazwa. Wangapi hapa mlikuwa mnajua hilo? Nyosheni mikono. Mnaona sasa. Nyumba na chakula bado utalipa, ila Arlington anaweza kulala kwako.

Wenye watoto wa viza ya H-4, ile ya wategemezi wa wafanyakazi wa viza ya muda, FAFSA haiwahusu, tuonane pembeni. Wengine wote nitakuwa pale mezani na kikokotoo. Njooni na barua nzima, kurasa zote, msinipigie picha ukurasa wa juu tu, na fomu ya kodi ya mwaka uliopita. Vyuo vingi vinataka jibu kabla ya Mei 1, kwa hiyo tuanze na wale ambao hawajalipa amana ya kushika nafasi.