Sindano Haina Macho

Asalaam alaikum. Hamjambo nyote? Nawaona mama zangu wa mbele na leso zenu, nawaona mabinti mliokaa nyuma ili mpate kutoka mapema, na nawaona wanaume wanne pale mlangoni wanaojifanya wamewasindikiza wake zao. Ingieni, kaka zangu, viti vipo. Chunusi hazibagui.

Bibi aliyenialika aliniandikia ujumbe mfupi: "Daktari, njoo utuambie, kwa makovu ya chunusi, sindano au mwanga wa leza, ipi bora?" Nikamwambia, mwanangu, hilo ni sawa na kuniuliza jahazi na tuktuk ipi bora. Anayekwenda Lamu atakujibu lake, na anayekwenda Kongowea atakujibu lake. Kwa hiyo leo tutaanza na safari yenyewe, vyombo baadaye.

Toeni simu. Ndiyo, mhadhara huu simu zaruhusiwa. Washeni tochi. Mwenye kioo cha mkoba akitoe, asiye nacho amwombe jirani yake ruhusa amtazame. Msimulike uso kwa mbele. Wekeni tochi ubavuni, karibu na sikio, mwanga ulale juu ya shavu kuelekea puani. Haya, tazameni. Palipo na shimo kuna kivuli, upande mmoja mweusi, wa pili unang'aa, na ukiisogeza tochi kivuli kinaifuata. Palipo na doa hakuna kivuli. Weusi umekaa pale pale hata uizungushe tochi mara kumi.

Naona minong'ono imeanza. Dada wa leso ya manjano alikuja akijua ana mashimo, kumbe ana madoa matupu. Huyo ameshaokoa pesa leo, na soda bado hatujanywa. Doa ni rangi iliyomwagika, shimo ni nyama iliyopungua. Chunusi ikiwaka kwa ndani, mwili ukipigana nayo huharibu na kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia ngozi isibonyee. Chunusi inakwenda zake, ngozi ya juu inadidimia, kama paa la makuti lililovunjika pao moja.

Msizime tochi kwanza. Waliopata shimo, wekeni vidole viwili pande zake mbili, mvute ngozi polepole. Likitandazika likapotea, hilo ni bonde, pana na la kingo laini, na sindano hulifaa. Lisipopotea, likabaki dogo na la kina kama limechomwa kwa msumari, hapo msidanganywe na mtu. Wala sindano wala leza haitalijaza peke yake. Hilo huwa twalitilia tone la asidi kali mle ndani kwa ncha ya kijiti, au twalikata na kulishona. Kuna na yale yaliyovutwa na nyuzi kwa chini, hayo twapitisha sindano moja ubavuni, chini ya ngozi, tuzikate nyuzi. Uso mmoja waweza kuwa na aina zote tatu. Ndiyo maana daktari anayekutajia bei kabla hajakushika shavu, mimi humtilia shaka.

Sasa hizi sindano. Chombo ni kama kalamu nene, na kichwa chake kina visindano 12 au zaidi, vinavyopanda na kushuka kama cherehani ya fundi wa Mtaa wa Biashara. Twaanza na krimu ya ganzi, nusu saa mpaka dakika 45, kisha twapita. Kwenye paji la uso, ambako ngozi imekaa karibu na mfupa, twachoma kidogo. Mashavuni kwenye makovu twaweza kufika milimita 2 na zaidi kidogo. Damu hutoka vitone vidogo vidogo, kama jasho jekundu. Mwili hudhani umejeruhiwa, ukaanza kufuma kolajeni mpya, na kazi hiyo huendelea kwa miezi. Kwa hiyo anayejitazama kioo wiki ya pili akasema nimeibiwa, amefanya haraka. Kwa kawaida hutakiwa mara 3 mpaka 6, kwa nafasi ya wiki 4 hadi 6, na tathmini ya kweli ni miezi kadhaa baada ya ile ya mwisho.

Jambo hili lina mkono wa Afrika, kwa wapendao kujua. Mmoja wa walioliendeleza ni Desmond Fernandes, daktari wa upasuaji wa Cape Town, katika miaka ya 1990. Na mwaka 1997 madaktari wawili wa Kanada, Camirand na Doucet, waliandika jinsi walivyochukua mashine ya kuchora tatuu, wakaitoa wino, wakachoma makovu nayo. Marekani waliiruhusu rasmi kalamu ya kwanza ya makovu ya chunusi usoni mwaka 2018.

Leza je? Hapa nataka mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo watu huungua.

Fikirini mchana wa Kaskazi, saa saba. Umeanika buibui na kanzu kamba moja. Nenda uvishike baada ya nusu saa. Kipi kimeshika moto? Buibui. Jua ni lile lile moja, lakini weusi hulimeza na weupe hulirudisha. Leza nyingi za ngozi hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Madaktari wa Marekani, Anderson na Parrish, waliieleza mwaka 1983: chagua mwanga unaomezwa na kile unachotaka kukiunguza, uupige kwa muda mfupi, jirani yake asalimike. Kwa Mzungu aliyepauka mwenye doa moja jeusi, mwanga hauna pa kupotea, unaliona doa na kuliendea. Kwetu sisi ngozi nzima ni buibui. Mwanga una macho, na unachokiona kwetu ni melanini, ile rangi ya ngozi, kila mahali. Sindano haina macho. Haijui kama wewe ni mweupe, maji ya kunde au mweusi tititi. Yatoboa ikaondoka, haiachi moto nyuma.

Madaktari hupanga rangi za ngozi kwa ngazi sita za Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani. Alipoanza mwaka 1975 zilikuwa nne tu, za watu weupe. Sisi tuliongezwa baadaye, kama wageni waliofika biriani imeshapakuliwa. Na hapa Mombasa nyumba moja ya Mji wa Kale yaweza kuwa na ngazi tatu au nne kwenye sinia moja. Mashine iliyomfaa binamu yako, kwa nguvu ile ile, wewe yaweza kukuunguza.

Kuna leza ambazo hazitafuti weusi, zatafuta maji. Ile ya kabonidayoksaidi, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, na ya erbiamu, nanomita 2,940. Hizi ndizo za makovu. Tangu 2004 kukaja mtindo wa kuugawa mwanga uwe vijitundu vingi, katikati yake ngozi nzima ikabaki ili jeraha lipone upesi. Ni kazi nzuri, sikatai, na kwa kovu gumu la kina pengine pigo moja la leza hii hufikia kazi ya sindano mara kadhaa. Lakini moto ni moto. Chembe zetu za rangi zikipashwa hukasirika, zikamwaga weusi, na badala ya kovu ukabaki na kovu na doa. Doa hilo laweza kukaa miezi.

Mnaona hapa mkononi? Sogeeni mlio mbele. Zamani, kabla sijajua nusu ya ninayowaambia, muuzaji mmoja wa mashine alituletea leza tuijaribu. Nikajitolea mkono. Alikuwa ameizoesha ngozi nyeupe, akaiacha pale pale ilipokuwa. Nilihisi kama nimechapwa na mpira wa kufungia noti, kisha ikaja harufu mnayoijua nyote jikoni, ya kuku anapobabuliwa manyoya. Kesho yake nilikuwa na vijisanduku sita vimepangwa safu. Vitano vilikuwa vyeusi miezi minane. Cha sita kiligeuka cheupe, nacho ndicho hiki, mpaka leo. Nashukuru ilikuwa mkono. Ingekuwa uso ningekuwa nawahutubia kwa nikabu.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi, kwa mabonde ya chunusi, ngozi zetu hizi, naanza na sindano. Leza ya makovu naiweka nyuma, kwa daktari wa ngozi mwenye kuijua ngozi nyeusi, kwa nguvu ndogo, na ajaribu kwanza sehemu ndogo, tuseme chini ya taya, asubiri wiki kadhaa aone. Asiyetaka kujaribu sehemu ndogo, mwageni kwa heri.

Lakini msitoke hapa mkasema daktari amesema sindano haina hatari. Kichwa cha sindano ni cha mtu mmoja, mara moja, na pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako. Damu inatoka pale, jamani. Homa ya ini ya aina B na Ukimwi havijui kama ulikuja kujipamba. Vile vigurudumu vya sindano vinavyouzwa mtandaoni, ukavitumia wewe leo, dada yako kesho, shoga yako Ijumaa, naomba mvitupe. Wenye chunusi zinazowaka sasa hivi wasichomwe, wazitibu kwanza. Wenye makovu yanayoota nyama wakajulikana hivyo, wasichomwe. Mwenye kutokwa na vipele vya homa mdomoni amwambie daktari kabla, hata kwa leza, apewe dawa ya kuzuia.

Na baada ya kuchomwa, usipake kitu kisichokusudiwa kuingia ndani ya ngozi. Matundu yako wazi. Liwa, dalia, manjano, ndimu, habasoda, yote vizuri kwa siku yake, leo hapana. Hata seramu ya vitamini C, mwaka 2014 kule Marekani waliandikwa wanawake watatu waliopakwa vitu vya aina hii pamoja na sindano, wakatokewa na vinundu usoni. Kuna na sindano zinazopitisha umeme wa redio kutia joto ndani, msizichanganye na hizi za kawaida, maana mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu yake, kwa habari za kuungua, makovu na mafuta ya uso kuyeyuka.

Jua sitalisemea sana. Tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta na bahari yaturudishia mwanga usoni. Ukipigwa sindano au leza asubuhi, kisha ukasimama foleni ya kivuko cha Likoni saa sita uso wazi, ulichokilipia umekimwaga baharini.

Wenye madoa, nanyi nimewasahau. Nyinyi wala sindano wala leza si mlango wa kwanza. Anzeni na krimu ya kujikinga na jua, bora iliyotiwa rangi, maana oksaidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana. Kisha dawa ya kupaka, asidi ya azelaiki, au retinoidi kama huna mimba. Yale madoa ya mashavu yote mawili yanayoanza na mimba, melazma, leza huyapunguza mwezi huu, yakarudi yakiwa meusi zaidi mwezi ule. Na zile krimu za kujichubua, za kopo lisilo na anwani, zenye zebaki na haidrokwinoni, zimepigwa marufuku nchini, nanyi mwajua pa kuzipata kuliko mimi. Kama umezipaka miaka, useme. Ngozi iliyolainika kwa krimu hizo haichomwi wala kumulikwa mpaka ipumzike.

Haya, maswali. Kaka wa mlangoni, hatimaye.

Anauliza vipele vya shingoni baada ya kunyoa. Swali zuri, maana hapo leza inashinda. Vipele hivyo ni unywele uliojikunja ukaingia tena ndani. Kuna leza ya nanomita 1,064, mwanga wake huzama ndani bila kumezwa sana na melanini ya juu, ikaliunguza shina la unywele. Kwa ngozi nyeusi ndiyo salama zaidi kati ya leza za nywele, mara kadhaa, kwa mwenye kujua. Au fuga ndevu, kaka yangu. Haina gharama, na utapata na thawabu.

Binti wa nyuma. Harusi wiki sita zijazo? Hongera. Basi leza usiiguse. Sindano moja sasa haitakupa cha kuonekana siku hiyo, na ukifanya karibu na siku yenyewe utaenda kwenye kupaka hina na uso mwekundu. Krimu ya jua kila asubuhi, na wiki mbili za mwisho usipake kitu kipya hata kama amekupa mama mkwe. Singo? Mwili mzima akusugue atakavyo, usoni mwambie somo apitishe kwa kidole, asisugue. Atakasirika kidogo. Nileteni mimi nizungumze naye.

Mama mwenye leso ya kisutu, mkono wako nimeuona tangu zamani.