Bledi Kwanza: Mhadhara kwa Wanaoanza Kutumia Msumeno wa Nakshi

Ndugu zangu mafundi, na nyinyi mnaoutafuta ufundi, karibuni. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa shamba sina ubishi nao. Ila mbele ya msumeno wa nakshi, hii mashine ya mezani yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, asiyechagua bledi atakoma. Mtu ananunua mashine, anakatia bledi ileile iliyokuja nayo kwenye boksi, mstari unampotea, ubao unaungua, baada ya wiki anatangaza kuiuza. Mashine ya watu haina kosa lolote!

Basi tuanze na ncha za bledi, maana hapo ndipo pesa zinapopotelea. Bledi za mashine hizi ni za inchi 5, na ziko za namna mbili: zenye pini inayokatiza kila ncha, na zilizo wazi, kipande bapa tu cha chuma kinachobanwa kwa skrubu. Ya pini unaitundika tu na kazi inaanza, ndiyo maana mashine nyingi za bei nafuu huja nayo. Shida inakuja unapotaka kutoboa ndani ya ubao. Mkipita Barabara ya Mizingani kule Unguja, tazameni roshani za jengo la Old Dispensary, lililokamilika mwaka 1894. Uzuri wake uko kwenye matundu: majani na maua yaliyotolewa katikati ya ubao bila kuanzia ukingoni. Kwa kazi ya namna hiyo unatoboa kwanza kwa drili, unapenyeza bledi tunduni, ndipo unaifunga. Pini inahitaji tundu la karibu nusu sentimita, na ua lako dogo limeshaharibika. Bledi ya ncha wazi, ya ukubwa wa namba 5, inapita kwenye tundu la milimita 1.6. Kwa hiyo kabla hujalipia mashine, muulize muuzaji: hii inashika bledi isiyo na pini? Kama haishiki wala haina vibano vya kuongezea, mimi ningeiacha dukani.

Na mjihadhari na jambo moja la madukani. Bledi za ule msumeno wa mkono wa fremu, wa kukatia mapindo, nazo zina pini, na muuzaji atakwambia ni zilezile. Si zilezile. Zile ni ndefu, karibu inchi 6 na nusu, hazitakaa. Afadhali uende kwa wanaouza vifaa vya masonara: bledi zao hazina pini na urefu wake unakaribiana sana na zetu, ingawa meno yake ni madogo mno, ya kukatia madini na mbao nyembamba sana.

Namba sasa. Namba ikikua, bledi inapanuka na kunenepa. Ziko za 2/0, yaani ndogo kuliko hata namba 0, ambazo ukipiga chafya unaipoteza, mpaka namba 12 ya kukatia ubao wa inchi 2. Anza na namba 5. Inakata ubao wa robo tatu ya inchi bila kulalamika, inakunja kona, na haivunjiki kila ukigusa. Plaiwudi ya milimita 6 ipe namba 3 au 2. Mninga au mkangazi wa inchi nzima, panda namba 7 au 9. Wanaoanza hupenda bledi nyembamba kwa sababu mchoro una kona nyingi, kisha wanavunja dazeni nzima kabla ya jioni. Kipimo kingine cha haraka: wakati wote meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya unene wa ubao. Yakiwa pungufu, bledi inaurusharusha.

Kuhusu meno sitachelewa. Chukua yale yaliyorukwa nafasi kati ya jino na jino, kwa sababu unga wa mbao unapata pa kutokea na ubao hauungui ovyo. Yakiwa na machache ya chini yanayoangalia juu, bora zaidi, maana hayo ndiyo yanayozuia vibanzi upande wa chini wa plaiwudi. Zile zilizosokotwa, zenye meno pande zote, ziacheni kwanza. Zinakata kila upande bila kugeuza ubao, lakini njia yake ni pana na inaacha ukingo wenye manyoya.

Sogeeni karibu, tufunge moja. Chomoa plagi. Si kuzima swichi tu, chomoa. Bledi mpya huwa na mafuta kidogo ya kuzuia kutu, na mafuta hayohayo yanaifanya iteleze kwenye kibano. Ifute kwa kitambaa, kisha zisugue ncha zote mbili kwa msasa mara mbili tatu. Meno yakutazame wewe, ncha zake ziangalie chini. Macho hayaoni vizuri meno madogo hivi, kwa hiyo pitisha kidole polepole: ukipandisha kinakwaruzwa, ukishusha kinateleza. Ikiwa kinyume umeigeuza, na ukiwasha mashine ubao utakurukia. Funga chini kwanza, halafu juu. Kama ina yale meno ya kinyume, mkono wa mashine ukiwa juu kabisa yaonekane mawili matatu tu juu ya meza. Yakizidi, shusha bledi.

Sasa kaza, kisha idonoe kwa kucha. Mmesikia? Huo mlio mzito, mfu, maana yake bado. Kaza tena. Sasa imelia kama uzi wa udi, juu na safi. Isukume pembeni kwa kidole: isihame zaidi ya milimita 3. Bledi iliyolegea ndiyo inayopinda ndani ya ubao mnene, juu unafuata mstari na chini umeshatoka nje.

Bado wima wa bledi juu ya meza. Skwea ndogo inatosha, lakini ninayoiamini ni hii: chukua kipande kinene cha mbao, kikate kidogo tu ukingoni, zima, kizungushe mpaka mkato huo uwe nyuma ya bledi. Bledi ikiingia vizuri kwenye njia hiyo, meza imenyooka. Isipoingia, rekebisha meza.

Naam, kaka hapo nyuma? Anauliza kwa nini bledi yake inavuta kulia hata akisukuma moja kwa moja. Bledi nyingi hubaki na ukali upande mmoja kutokana na zinavyotengenezwa, na upande huo hukata zaidi. Si ubovu. Usishindane nayo. Geuza ubao kidogo mpaka bledi ifuate mstari, na usukume hivyohivyo kwa mshazari. Siku chache mkono unazoea wenyewe.

Mwingine anauliza bledi moja inakaa muda gani. Inategemea ubao. Msaji una mchanga ndani yake, unaila bledi upesi, na gundi ya plaiwudi nayo haiko nyuma. Ukijikuta unasukuma kwa nguvu au unasikia harufu ya kuungua, itoe hata kama haijavunjika. Kubandika selotepu pana juu ya mchoro kunapunguza kuungua. Haya, wa mbele mpitishe pakiti, kila mmoja achukue namba 5 moja, na plagi zote zibaki zimechomolewa mpaka nipite.