Kuupima mchomeleo wako kwa kuuvunja

Ndugu watazamaji, karibuni katika karakana yetu hapa Mwanga, mjini Kigoma. Mezani mnaona vipande vinne vya bamba la chuma laini, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 6 na urefu wa sentimita 15. Tutavichomelea viwili viwili kwa umbo la herufi T, upande mmoja tu, kisha tutajaribu kuvivunja kwa nyundo. Waliounganisha meli ya Liemba katika mji huu, ile iliyoshushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, walitumia ribiti, yaani pini nene za chuma zinazofungwa kwa kupondwa ncha, na ribiti iliyolegea hujulikana kwa mlio wake inapogongwa. Mchomeleo hauna hisani hiyo, kwa kuwa ubovu wake hukaa ndani, na juu waweza kung'aa kama shanga.

Nami nilijifunza hilo kwa aibu. Geti nililomtengenezea mteja wa Ujiji lilirudi karakanani baada ya miezi michache likiwa limeng'oka bawaba ya juu. Nilipoangalia palipong'oka, niliona chuma cha rodi, ile fimbo ya kuchomelea inayoyeyuka, kilikuwa kimelala juu ya bomba bila kushikamana nalo, na chini yake kulikuwa na utando wa grisi ambao sikuusafisha. Rangi niliyopaka ilikuwa bado nzuri kabisa.

Kwa hiyo tunaanza na usafi. Piga grenda sehemu yote itakayochomelewa, pamoja na sentimita mbili hivi pembeni mwake, mpaka chuma kionekane cheupe, bila kutu, rangi wala lile gamba jeusi la kiwandani. Mafuta na grisi yafute kwanza kwa kitambaa, maana grenda huyasambaza, haiyaondoi. Ikiwa unachomelea bati au bomba lililopakwa zinki, ondoa zinki hiyo kwanza na ufanyie kazi mahali penye upepo, kwani moshi wake huleta homa na baridi ya mwili ifikapo jioni. Mafundi wengi huamini kwamba maziwa ndiyo dawa yake. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayapiti mapafuni.

Sasa tazameni rodi. Hii ni aina ya 6013 yenye kipenyo cha milimita 3.2, ambayo ndiyo inayopatikana kwa urahisi madukani. Hapa kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, na pakiti iliyoachwa wazi katika miezi hiyo hunyonya unyevu, ambao hugeuka kuwa matundu ndani ya mchomeleo. Hifadhi rodi zako katika ndoo yenye mfuniko unaobana. Zikipata unyevu, zikaushe kwa saa moja katika joto la nyuzi 100 hadi 120, si zaidi sana. Rodi za aina nyingine, 7018, zina masharti magumu zaidi, kwani zinahitaji oveni ya nyuzi 300 au zaidi, na jua la uwanjani halitoshi.

Kibanio cha ethi, yaani cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine, kibane kwenye chuma kilichosafishwa, karibu na kazi. Nimewaona vijana wakipandisha ampea, yaani kiasi cha umeme, mara tatu, kumbe ethi imebana juu ya rangi. Ekstensheni ndefu na nyembamba nayo hupunguza nguvu ya mashine, na ukiiacha imeviringwa hupata moto. Vaa glovu za ngozi, viatu vilivyofunika vidole na nguo ya pamba. Jezi ya mpira wa miguu huyeyuka na kuganda kwenye ngozi ya mtu. Kioo cha kofia chenye giza la namba 10 kinatosha kwa kazi hii.

Kipande cha kwanza ninakichomelea kwa ampea 90, nikijua kwamba ni chache kwa rodi ya 3.2. Ninashikiza ncha zote mbili kwanza ili bamba lililosimama lisivutwe na joto, kisha ninaanza. Rodi ipo nyuzi 45 kati ya mabamba mawili, na imeinama kidogo, kama nyuzi 15, kuelekea upande ninakokwenda, ili ncha yake itazame nyuma kwenye dimbwi la chuma kilichoyeyuka. Mnasikia jinsi inavyokatakata na kutaka kunasa? Huo si mlio tunaoutaka. Mlio mzuri hutulia na kuendelea bila kukatika, kama migebuka wanapokaangwa katika mafuta yaliyopata moto sawasawa.

Kipande cha pili ninapandisha hadi ampea 115. Hapa nawaomba mtazame kwa makini, kwa maana ndipo kazi yote ilipo. Anayeanza hutazama mwanga, na fundi hutazama dimbwi. Nyuma ya ncha ya rodi kuna chuma kilichoyeyuka, na juu yake slagi, yaani taka za ganda la rodi lililoyeyuka, inaelea na kufuata nyuma kwa rangi tofauti. Mpaka kati ya hivyo viwili lazima uonekane wakati wote. Slagi ikikimbilia mbele ya rodi, ama mwendo wako ni wa polepole mno, ama umelaza rodi kupita kiasi, na hiyo slagi itafukiwa ndani. Umbali kati ya ncha na dimbwi uwe sawa na unene wa waya wa rodi au pungufu kidogo. Ukiiinua rodi, cheche huruka kila upande, hewa huingia na matundu hutokea. Kwa kuwa rodi inazidi kufupika, mkono hauna budi kushuka kidogo kidogo huku ukienda mbele, jambo linalowashinda wengi kwa siku za mwanzo. Subiri dimbwi lishike mabamba yote mawili ndipo usogee. Ukiona mfereji umechimbika pembeni mwa bamba lililosimama, punguza ampea kidogo au fupisha umbali, na uelekeze ncha kwenye kona, usiielekeze juu.

Slagi tunaigonga ikiwa imepoa, tukiwa tumevaa miwani, kisha tunapiga brashi ya waya. Msiguse grenda sasa. Grenda huondoa ushahidi.

Ninakibana kipande cha kwanza kwenye jiliwa, kibanio cha mezani, kwa bamba la chini, na ninagonga bamba lililosimama kutoka upande usiochomelewa, ili lilale kuelekea mchomeleo na mzizi, yaani sehemu yake ya ndani kabisa kwenye kona, ufunguke. Pigo la tatu, limekatika. Kamera isogee hapa. Sehemu iliyoshika ina chembechembe za kijivu zinazometa, lakini ukifuata kona kwa ndani, karibu nusu ya urefu wake, ukingo wa bamba bado umenyooka na mistari ya grenda ingalipo, kama haujawahi kuguswa na moto. Doa hili jeusi na laini ni slagi iliyofukiwa. Kwa nje, kumbukeni, mchomeleo huu haukuwa na tatizo la kuonekana.

Cha pili tunakigonga vivyo hivyo, kwa nyundo ileile. Nimehesabu mapigo kumi na mawili. Bamba limepinda hadi limelala juu ya mchomeleo wenyewe, na kwenye mzizi sioni ufa.