Bei ya Ndoo Moja: Maji na Haki Katika Mitaa ya Arusha

Ndugu wenyeviti wa mitaa, mabalozi wa nyumba kumi, kina mama na vijana mliofika, karibuni.

Habari za maji mjini huhesabiwa kwa kilomita za bomba na lita zinazozalishwa kwa siku. Naomba leo tuhesabu kwa ndoo ya lita 20, maana ndiyo kipimo anachonunulia mpangaji wa Unga Limited, Ngarenaro au Daraja Mbili.

Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Ndoo ikiuzwa shilingi 50, uniti imefika 2,500. Ikiuzwa 100, ni 5,000. Ikiletwa na mkokoteni kwa 300, ni 15,000. Mwenye bomba uani analipa bei iliyopitishwa na EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, na kwa bei hiyo anafua, anaosha gari, anamwagilia bustani. Chukueni bili yoyote ya mtaani kwenu, mtazame bei ya uniti, kisha mzidishe bei ya ndoo mara 50. Mtaona wenyewe kwamba mwenye kipato kidogo ndiye anayenunua lita kwa bei ghali. Hilo ndilo ninaloliita dhuluma, hata kama hakuna aliyekusudia kumdhulumu mtu.

Maana si kila mara ni tamaa ya muuzaji. Koki yenye msukumo mzuri hutoa lita 10 kwa dakika: ndoo moja dakika 2, ndoo 30 kwa saa. Familia ya watu watano, tukiipimia lita 20 tu kwa kila mtu, inahitaji ndoo 5 kwa siku. Na lita 20 ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100. Sasa maji yakitoka kwa muda wa saa nne kisha yakakata, koki hiyo imejaza ndoo 120, za familia 24, tena bila kupoteza hata sekunde ya kubadilisha ndoo. Familia ya 25 inamfuata mtu wa mkokoteni, naye anajua kwamba haina pa kwenda.

Dawa yake ni tangi. Simtank la lita 5,000 lina ndoo 250. Linajaa usiku maji yakitoka, linauza mchana. Lakini kioski kingi cha maji kimefungiwa tangi kikaendelea kukauka, kwa sababu bomba la kuingizia ni jembamba. Kwa lita 10 kwa dakika, tangi hilo linahitaji zaidi ya saa 8 kujaa. Daini bomba la kuingizia liwe pana kuliko la koki. Daini boya la kufunga maji tangi likijaa, kwani yanayomwagika usiku yameshapita kwenye dira, yaani mita ya maji, na gharama yake inarudi kwenye bei ya ndoo. Na maji yakirejea baada ya kukata, hewa hutangulia na kuizungusha dira. Valvu ya kutoa hewa ikae kabla ya dira, siyo baada yake.

Nyumba za kupanga zina tatizo lao. Familia kumi zikitumia dira moja, matumizi yao yanajumlishwa kama ya mteja mmoja, na palipo na bei ya ngazi, inayopanda kadiri matumizi yanavyoongezeka, wanasukumwa kwenye ngazi ya juu, iliyowekwa kwa ajili ya mtu anayetumia maji kwa anasa. Hapa mamlaka ya maji iulizwe wazi: mnahesabu dira au mnahesabu kaya?

Tena kwetu Arusha bei siyo yote. Miamba ya volkano ya Mlima Meru inatia madini ya floridi kwenye visima na chemchemi nyingi. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto yanabaki na madoa ya kahawia maisha yote, na ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa inaumia. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki palepale, kwa hiyo inakolea. Klorini nayo inaua vijidudu tu. Makaa ya mifupa ya wanyama, ambayo yamefanyiwa utafiti kwa miaka mingi kwenye kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, huinyonya floridi, ila yakishashiba hayanyonyi tena, na kwa macho huwezi kujua. Lazima maji yapimwe. Asiye na chujio akinge mvua: bati la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 600. Ya mwanzo yaoshe paa, yamwagwe. Yanayofuata yahifadhiwe kwa uji na maji ya kunywa ya watoto wadogo, yakiwa yamechemshwa. Na mama anayepika makande kwa magadi aelewe kwamba magadi ya huku kaskazini nayo yana floridi.

Basi mkirudi mitaani, kila kioski kibandikwe mambo matatu: bei halali ya ndoo, saa za maji, na kipimo cha mwisho cha floridi pamoja na tarehe yake. Wasipobandika, andikeni barua kwa mamlaka, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki nayo. Msipojibiwa, au jibu lisiporidhisha, nakala hiyo ipelekeni ofisi ya EWURA Kanda ya Kaskazini, ipo hapahapa mjini. Baraza la ushauri la watumiaji, EWURA CCC, litawasaidia kuandika lalamiko. Malalamiko ya mdomo hayana muhuri.